Roboti Niliyempa Nafasi ya Kumi na Mbili

Nimewahi kukosea hesabu ubaoni mbele ya mkaguzi wa shule, na hiyo naisimulia nikicheka. Lakini hii ya ukuta wa duka la Bwana Salim pale Suna, mjini Migori, nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikianza kuisema masikio yangu yanapata moto. Kaeni basi niwaeleze polepole, maana bila kuelewa mambo ya roboti hamtaona aibu yenyewe ilipo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Homa Bay kuja kufundisha Migori kwa kibarua cha muda, kijana wa miaka ishirini na miwili, bila hata cheti cha ualimu, lakini kila mtu aliniita mwalimu na mimi jina hilo nilitembea nalo kama kofia mpya. Bwana Salim, mfanyabiashara kutoka Mombasa, aliuza nguo upande wa mbele wa duka, na katika chumba cha nyuma alikuwa na televisheni na mashine ya gemu. Gemu ilikuwa moja tu: roboti wakubwa kama majumba wanapigana wawili wawili mpaka mmoja aanguke.

Roboti walikuwa kumi na wawili. Majina yao yaliandikwa kwa Kijapani, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma, wachezaji waliwapa majina yao wenyewe: Tingatinga, Kifaru, Nyundo, Nzige yule wa kuruka, na wengine. Na kulikuwa na mmoja mnene, wa rangi ya kutu, miguu mifupi, aliyeitwa Oduor. Nilimuuliza Chacha, kijana wa Kegonga aliyekuwa akitushinda sote, kwa nini huyu amepewa jina la mtu.

"Mwalimu, hilo ndilo jina lake," akaniambia.

Nikacheka. Yeye hakucheka (lakini hilo nililikumbuka baadaye).

Sasa, kila Jumamosi, kabla mambo hayajapamba moto, mtu mmoja lazima achague Oduor. Anapigwa, anaanguka, chumba kizima kimya, halafu ndipo kelele za kweli zinaanza. Mimi nikaona hawa ndugu zangu wanapoteza mchezo mmoja kila wiki kwa kutojua. Na mimi nikimwona mtu hajui, siwezi kupita tu. Nikaamua kuwasaidia.

Nilianza vipimo vyangu. Kila jioni baada ya shule nilimjaribu kila roboti kwa mambo matatu: ngozi, yaani anavumilia mapigo mangapi kabla ya kuanguka, miguu, yaani anavuka uwanja kwa muda gani, na mkono, yaani anahitaji mapigo mangapi kumwangusha Kifaru. Wengi walidhani Kifaru ndiye mwenye nguvu kuliko wote kwa sababu ngumi yake ni nzito, lakini niligundua kwamba akirusha ngumi ikakosa, anabaki ameinama, na Nzige anampiga mara tatu kabla hajasimama. Kwa hivyo Nzige wa kwanza, Kifaru wa pili, Nyundo wa tatu. Wengine niliwajaribu mara tatu tatu, Oduor mara mbili tu. Mara ya tatu nilichoka.

Nikachukua karatasi ya manila na kalamu nene nyekundu, nikawapanga kama tunavyopanga watoto siku ya kufunga shule, kila mmoja na nafasi yake na maoni ya mwalimu pembeni. Nzige: "Hongera, endelea hivyo." Tingatinga: "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: "12. ODUOR. Mzito, hajifunzi. Aachwe."

Bwana Salim alikuwa akimpimia mteja suruali. "Bandika tu, mwalimu," akasema bila kutazama, "ila usinitoboe ukuta." Basi nikabandika kwa uji mzito wa unga.

Jumamosi hiyo chumba kilijaa. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja ameweka kofia magotini, nikadhani anasubiri nguo. Watu walikuwa wakiisoma karatasi na hawakusema neno, na mimi ukimya ule nikauchukua kuwa ni usikivu (mwalimu anayeanza kazi hupenda sana darasa likinyamaza). Chacha akanivuta shati.

"Mwalimu, hiyo ya mwisho iondoe tu, tafadhali."

"Chacha, usiwe na upendeleo. Nimepima."

Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, "Huyu wa mwisho amekosa nini?"

Mungu anisamehe, nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kuhusu miguu, nikamweleza kuhusu mkono, nikamwambia hata angetolewa kwenye mashine hakuna ambaye angemkosa. Halafu nikamuuliza, "Mzee, una mtoto anayecheza hapa?"

"Alikuwa anacheza."

"Basi mwambie asimchague huyu. Ngoja nikuonyeshe."

Nikachukua Nzige, nikamlazimisha kijana mmoja amshike Oduor, na yule kijana hakubonyeza hata kitufe kimoja. Nikampiga Oduor mpaka akalala chali kwenye kioo, nikainuka na mikono juu. "Mnaona?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akavaa kofia yake. "Nimeona, mwalimu. Asante kwa kunieleza." Akatoka.

Ndipo Chacha akaniambia, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Oduor alikuwa mchimba dhahabu wa Macalder. Kila Jumamosi alikuja na vumbi lake, akamchagua roboti huyo, akashindwa, akacheka, akamchagua tena. Mwaka uliotangulia shimo lilimwangukia. Wenzake wakampa roboti jina lake, na kila Jumamosi mmoja wao anacheza kama yeye. "Na yule ni babake. Aliambiwa kuna mahali mtoto wake bado anatajwa. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kuona."

Nikauendea ukuta na kuivuta ile karatasi. Uji ulikuwa umekauka. Nzige akatoka, Kifaru akatoka, wote wakatoka vipandevipande, isipokuwa mstari wa chini. Nikabaki nakwangua kwa kucha mbele ya watu wote, na kadiri nilivyokwangua ndivyo lile "Aachwe" lilivyobaki peke yake. Bwana Salim akaja na kitambaa na maji. "Loweka kwanza, mwanangu. Kwa nguvu haitoki."

Kesho yake nilienda Macalder. Nilimkuta mzee amekaa nje ya nyumba, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga, akanikatiza.

"Ni kweli alikuwa wa mwisho?"

"Mzee, yule ni roboti tu."

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Kwa kipimo changu, ndiyo."

Akatazama mikono yake. "Hata darasani alikuwa wa mwisho. Mwalimu wake alisoma nafasi yake mbele ya wazazi wote, nami nikamchapa njia nzima mpaka nyumbani. Hakurudi shule. Akaenda kwa mashimo." Kisha akainua macho kunitazama. "Jumamosi nitakuja. Utanifundisha vile vitufe."

Alikuja. Nilimweleza kitufe cha ngumi, cha ngao, cha kutembea, akavirudia kimoja kimoja kama mtoto mwangalifu. Akamchagua Oduor, nami, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali, nikakaa upande wa pili na Nzige. Saa ya kwenye kioo ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mzee hakubonyeza chochote. Alishika tu. Nikaelewa, nikaondoa vidole vyangu vyote. Roboti wawili wakasimama wakitazamana, sekunde tisini na tisa, na nawaambia sijawahi kuona sekunde ndefu kama zile. Saa ilipoisha, maandishi ya Kijapani yakatokea.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Sare, baba," Chacha akajibu, bila kuhitaji kuyasoma.

"Kwa hivyo hajaanguka."

"Hajaanguka."

Akanirudishia kile kidude cha vitufe kwa mikono miwili, akatoa kitambaa, akajifuta uso.

Mimi nilisomea ualimu baadaye, na nimefunga shule mara nyingi tangu wakati huo. Siku ya kufunga nasoma majina ya watoto kwa alfabeti, na nafasi naziacha kwenye bahasha. Wazazi wengine hulalamika, wanataka kujua nani wa kwanza. Nawaambia nitawaeleza mmoja mmoja, faraghani, tukiwa tumekaa. Na kabla sijamwandikia mtoto yeyote maoni, namjaribu mara ya tatu, hata kama nimechoka.