Katoni ya Juisi ya Shangazi

Leo nimegombana na shangazi yangu wodini, na siombi radhi.

Nimelazwa kwa presha tangu jana. Daktari kanikataza vya sukari. Shangazi kaja kunikagua na katoni nzima ya juisi.

"Kunywa mwanangu, upate nguvu."

"Ahsante shangazi, lakini sinywi."

"Unaurejesha mkono wangu mbele za watu?"

Naam, nimeurejesha!

Muuguzi akamwona anahema kwa hasira, akampima na yeye.

Presha yake imeipita yangu!

Sasa kalazwa kitanda cha pili, kaninunia. Na wageni wake washaanza kuja, kila mmoja na juisi yake mkononi.

Nimeshuka kitandani. Nimesimama mlangoni.

Haipiti hata moja.

Anayeniona sina adabu aje aseme, ila aje na maji.