Kikombe Kilichonukia Supu

Jamani, leo nichekeni tu. Tangu biashara iwe huria, karakana yetu ya Kariakoo inajaribu vikombe vya plastiki inayotokana na mafuta: vingine vya mafuta ya nyonyo, vingine vya mafuta ya ng'ombe. Jana nikachagua kwa macho tu, bila kuuliza, vile vyeupe vinavyopendeza, nikavipeleka Mchafukoge kwa Mama Jaya, Mhindu muuza vyombo ambaye hajawahi kugusa nyama.

"Shikamoo mama. Hivi ni mmea mtupu, mafuta ya nyonyo!"

"Marahaba. Vinahimili moto?"

Kwa mbwembwe nikamimina chai yake katika kimoja. Mvuke ukapanda, duka zima likanukia supu ya asubuhi.

Mama Jaya akakisukuma kikombe kwa ncha ya kalamu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mwanangu, huo mnyonyo wenu una pembe?"