Ndege Asiye na Mdomo

Bi Buthaina binti Nadhir hakufundishwa kuchora na mtu. Aliletwa Al Qabil, ng'ambo ya bahari, na baba yake kutoka Unguja angali msichana, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume. Rangi aliishika mara ya kwanza mafundi walipomaliza kupaka nyumba yake wakaacha makopo nusunusu barazani. Alichukua ubao wa kabati bovu, akachora ndege mwekundu mwenye uso wa mwanamke, macho yametiwa wanja, mdomo hana.

"Nani huyu?" mwanawe Adham alimuuliza.

"Mama yangu. Tulimwacha mlangoni Kikwajuni. Hakusema neno."

Tangu hapo hakuacha. Alichora samaki waliopakwa hina, mitende inayozaa karafuu, wanawake wa manjano walioshikana nywele. Kaka yake Khelef akasusa. "Nyumba yenye masanamu malaika hawaingii," alisema, na hakukanyaga tena pale, hata Idi. Bi Buthaina alilia, kisha akaendelea kuchora.

Miaka ikapita, rangi zake zikazidi ukali, na watu wakazisifu. Kumbe alikuwa akizikoleza ili azione. Daktari wa mjini Ibra alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi.

Adham akahangaika huku na huko mpaka jumba moja la sanaa Nizwa likakubali kuzitundika picha. Siku ya kufungua, Bi Buthaina alivaa nguo mpya, mkwewe Wiam, mke wa Adham, akamshika mkono. Msichana mmoja akamsogelea.

"Shikamoo, bibi. Ndege huyu ana maana gani?"

"Yupi, mwanangu?"

"Huyu hapa mbele yako."

Bi Buthaina alinyoosha mkono, akapapasa ubao.

"Nimemsahau," alisema.

Nyumbani alijaribu kuchora tena mara moja tu. Wiam alimfungulia makopo, akamwongoza mkono hadi kwenye ubao. Alipomaliza aliuliza, "Imekaaje?"

"Nzuri, mama."

"Usinidanganye, Wiam."

Wiam akautazama ubao. Brashi ilikuwa imepita palepale, rangi juu ya rangi, likabaki doa zito kama tope.

"Yatoeni makopo haya," alisema Bi Buthaina. "Yananuka bure."

Siku hizi hushinda jikoni akichambua mchele kwa vidole, kwa kuwa huko akipapasa ukuta hakutani na picha.