Pete Iliyosahaulika Kwenye Glavu ya Kimondo

Saa tatu asubuhi, na Bi Wino anapuliza karatasi kama mtu anayepoza chai. Picha tano zimekauka; ya sita bado. Ndani yake Kimondo, shujaa anayebeba madaraja kwa mkono mmoja, amempigia magoti mkewe Tufani, mwanamke anayesimamisha dhoruba kwa kukunja ngumi. Juu ya kichwa cha Tufani pana kiputo cha maneno. Kitupu.

"Mama, matbaa wanatusubiri," anahimiza mumewe, ambaye kazi yake ni kuandika maneno ndani ya viputo. Mke huchora, mume huandika, na meza ni moja.

"Ukiandika anachotaka mhariri, hiyo kalamu nakuvunjia!"

Anachotaka mhariri ni msamaha. Katuni hii ya kila mwezi imewaka moto tangu Kimondo afumaniwe akiwa na hawara juu ya paa la mnara. Sasa imeagizwa kwamba yule hakuwa Kimondo, bali pacha wa bandia aliyeundwa na adui. Tufani amkumbatie mumewe, yaishe. La sivyo, mashujaa wote wawili watapewa mchoraji mwingine. Bi Wino ndiye aliyewazaa, lakini mkataba unasema ni mali ya kampuni. Uchungu wake, mtoto wao.

Pacha! Neno hilo linampandisha mori.

"Nawakumbuka mashujaa wote waliotungiwa visingizio hivi," anasema, akihesabu kwa vidole vyenye madoa meusi. "Kuna aliyenyweshwa dawa. Kuna aliyepoteza kumbukumbu, ila njia ya kwa hawara hakuisahau! Mke akilalamika, ukurasa wa pili kageuzwa adui, au kauawa. Wanaona kupitia ukuta wa chuma, lakini machozi ya mke kitandani hawayaoni!"

Na usaliti wenyewe ulianza kwa kosa la kazi. Mashujaa hawa huvaa pete juu ya glavu ili msomaji aione. Mwaka jana, akikimbizana na muda, Bi Wino alimchora Kimondo akirudi nyumbani kwa kupenya dirishani, akasahau pete. Picha moja tu. Simu za wasomaji zikamiminika: "Kaivua! Katoka wapi huyu?"

"Nikamwambia, mke wangu, umemponza mwanamume wa watu," mumewe anacheka.

"Nimemponza, au nimemfichua?"

Siku hizo mhariri alikuwa meno yote nje. Nakala zilikwisha vibandani kabla ya adhuhuri, na ni yeye aliyesema hawara atafutwe upesi. Leo wasomaji wanataka Tufani aondoke, ndipo kaingiwa na baridi.

Mume anachovya kalamu. "Haya. Ingekuwa mimi nimekuletea hadithi ya pacha, ungenijibu nini?"

Bi Wino anamtazama. Anaanza kucheka hata meza inatikisika. Anamnong'oneza. Mume anaandika herufi moja moja, mabega yakimcheza.

Matbaa ipo mtaa wa pili, picha wanaipeleka wenyewe. Fundi mitambo, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa uzi, anaisoma kwa sauti ya kushindana na mashine:

"'Kama aliyelala kule ni pacha wako, basi huyohuyo pacha akufulie!'"

Matbaa nzima inaangua kicheko. Wapanga kurasa wanapiga meza: "Akufulie! Akufulie!"

Mhariri anatoka ofisini amefura. Anasoma. Anasoma tena. Pembe za mdomo zinamsaliti.

"Pacha yumo," Bi Wino anamwambia kwa adabu zote. "Si ndivyo ulivyoagiza, bosi?"

"Yumo," mhariri anakiri kwa shida. "Chapeni. Lakini Bi Wino, mwezi ujao nataka mtu aombe radhi, nyumba itulie."

"Ataomba. Tena si kwa mdomo."

Kumbe jalada la mwezi ujao analo mkobani. Analikunjua juu ya mashine: Tufani yuko mawinguni, nywele zimesimama, anaiendea dhoruba peke yake. Chini, Kimondo kainamia beseni, povu hadi viwikoni.

"Anabeba daraja," Bi Wino anasema, macho yakimwaka. "Joho lake mwenyewe atashindwa kulikamua?"

Fundi mitambo anainamia mchoro, miwani puani. "Dada, hii pete kwenye ukingo wa beseni ni ya nani? Kimondo yake ninaiona kidoleni, inameta kwenye povu."

"Ya Tufani."

"Umesahau kumvisha?"

"Safari hii," anasema Bi Wino, "sikusahau kitu."