Niliiagiza Mashine Inifupishie Mama Yangu

Naomba jina langu lisitajwe. Siogopi kuchekwa na watu wa Kiboriloni ninakoishi, kuchekwa nimezoea. Ila yuko mtu mmoja anayestahili kuyasikia haya kutoka mdomoni mwangu, na bado sijamwambia. Nawaambia ninyi kwanza kwa sababu hamnijui. Ndiyo, ni uoga. Nimemkosea mama yangu mzazi, na baada ya kumkosea nikamwongezea lingine juu yake.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyoniponza.

Niko kwenye ofisi ndogo ya hapa Moshi inayopandisha wageni mlimani. Mimi ndiye wa barua pepe. Mgeni akitaka kujua njia ipi haina msongamano, au kama mpishi anaweza kumpikia bila nyama, au kama goti lake bovu litafika kileleni, wa kumjibu ni mimi. Zilikuwa zinanizidi! Nikimjibu mmoja wameingia wengine, simu inalia, bosi anauliza, mpaka nasahau nilikuwa nafanya nini.

Dada mmoja wa ofisi ya jirani ndiye aliyenionyesha akili mnemba. Akaniambia siri yote iko kwenye maagizo. Ukiiagiza hovyo inakujibu hovyo, ukiiagiza vizuri inakufanyia kazi ya watu. Nikajifunza, na nilijifunza kweli. Agizo langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili: "Soma ujumbe huu. Ondoa salamu, hadithi na yasiyoeleweka. Niambie tu mtu huyu anaomba nini. Kisha niandikie jibu fupi, la upole, lisiloahidi kitu."

Lilifanya maajabu! Mgeni anakuandikia kurasa nzima kuhusu mbwa wake na talaka yake, mashine inakuambia: anaomba hema la peke yake. Basi. Kazi iliyokuwa inanichosha mpaka jioni nikawa naimaliza kabla ya chakula cha mchana. Bosi akanisifu mbele ya waongoza wageni wote, nami nikavimba kichwa, sifichi.

Sasa mama.

Mama yangu anaishi Masama, kwenye kihamba chetu, shamba letu la ukoo, yeye na ng'ombe wake, migomba yake na kahawa. Baba alishatangulia. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, yuko Dar na familia yake. Mimi niko hapa chini tu, gari moja na mwendo kidogo wa miguu. Ukoo mzima unajua kwamba mama yuko mikononi mwangu.

Tangu tumnunulie simu ya maana, mama hapigi. Anatuma meseji za sauti. Na mama kwenye sauti, jamani! Anaanza kwa Kiswahili cha kanisani, kana kwamba mchungaji anamsikiliza. Anakusalimu, anakuombea, anakueleza mvua ilivyonyesha, anakueleza kuku wake aliyekwenda kuatamia kwa jirani, Mama Aika. Akishachangamka anahamia Kimachame, na hapo ndipo penye mambo yenyewe. Tena hata huko hasemi "nina shida, njoo." Huku kwetu mtu mzima hamwombi mtoto wake. Anamsimulia tu, na mtoto anaelewa mwenyewe kwamba anatakiwa nyumbani.

Nilikuwa najua hilo. Nimelelewa nalo!

Msimu wa wageni ulipopamba moto, zile sauti zikanishinda. Naziona zimepangana kwenye simu, ndefu ndefu, na mimi nina watu wamesimama kwenye geti la mlima wanasubiri vibali. Siku moja nikasema ngoja nijaribu. Nikaitia sauti ya mama kwenye mashine igeuzwe maandishi, nikabandika agizo langu lile lile la wageni. Ikaniambia: "Mama yako anakusalimu. Uchumaji wa kahawa unaendelea. Hakuna ombi." Na jibu chini yake, tayari: "Shikamoo mama. Nimefurahi kusikia kahawa inaendelea vizuri. Pole na kazi, Mungu akutie nguvu. Nakupenda."

Nikalituma. Nilijiona mjanja, tena mtoto mwema! Zamani ningekaa siku nzima sijamjibu. Sasa anapata jibu kabla hajaweka simu chini.

Ikawa ndiyo desturi. Msimu wote wa kahawa mama yangu alizungumza na mashine. Hakuna ombi. Hakuna ombi. Nikishaona hivyo roho inatulia, narudi kwa wageni wangu.

Mara moja tu nilishtuka kidogo. Mashine iliandika kwamba sehemu kubwa ya ujumbe haikueleweka, kwa hiyo imeiacha kama nilivyoagiza. Nikajua ni Kimachame. Nikajiambia nitausikiliza mwenyewe baadaye. Sikuusikiliza. Hapa ndipo ninapojichukia, maana hapa siwezi kuisingizia mashine. Iliniambia!

Krismasi ikafika. Mnatujua Wachagga na Krismasi, waliotawanyika wote wanapanda nyumbani. Kaka alikuwa njiani kutoka Dar. Mimi nikatangulia na mchele na mafuta ya kupikia, nikamkuta mama ameketi uani anamenya ndizi za mtori. Nikasimama mbele yake natabasamu, nasubiri ashangilie.

Akainua uso. "Karibu," akasema. "Nani mwenzangu?"

Nikacheka. Nilijua ananitania kwa sababu nimeadimika. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama pembeni ya kichwa changu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ndipo nikaziona ndizi zake, zingine zimebaki na maganda nusu, na kidole chake gumba kimefungwa kitambaa chenye damu iliyokauka.

"Mama, ni mimi. Macho yana nini?"

Alinitambua kwa sauti, na uso ukamchangamka. Akaweka kisu chini taratibu. "Si nilikuambia, mwanangu," akasema, wala hakuwa na ukali wowote. "Tangu tunaanza kuchuma. Mama Aika alikuwa ananisomea majibu yako. Yalikuwa mazuri sana."

Jamani! Bora angenitukana.

Akanieleza, huku anapapasa ndizi nyingine, kwamba alijua nimesikia ila kazi imenibana, kwa hiyo akaona asinisumbue tena. Alikuwa ananitetea, mnaelewa? Ananitetea kwangu mimi mwenyewe. Nilikaa chini nikachukua kile kisu nikamalizia kumenya.

Kaka alifika jioni ile. Mama akainuka kumpokea, akaukosa mlango, akawa anapapasa ukuta. Kaka akasimama na begi mkononi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza nilikuwa wapi, mimi niliye hapa chini tu, na kama nilikuwa najua. Wifi na watoto wote walikuwa wananisubiri nijibu.

"Mama hakuniambia chochote," nikasema.

Nilisema hivyo mama yupo pale pale! Anasikia!

Mama akajitengeneza kitambaa cha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Sikumwambia. Nilidhani ni uzee."

Baada ya sikukuu tukamshusha hospitali. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. Jicho moja limekwisha. La pili limebaki na sehemu ndogo ya katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, na dawa za matone ni za kulinda hicho hicho kilichobaki. Kilichopotea hakirudi. Akasema angeletwa dalili zilipoanza tungekuwa na mengi ya kuokoa. Akamuuliza mama zilianza lini, na mama akajibu kwamba hakumbuki. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkono wake uko kwenye goti langu.

Tangu hapo kaka anamgombeza mama. Anampigia simu kutoka Dar anamwambia ni mkaidi, amejipofusha mwenyewe kwa kuficha ugonjwa. Ameshawaambia na wajomba. Wakikutana, ukaidi wa mama ndiyo habari. Na mimi je? Mimi ndiye mtoto mwema anayempeleka kliniki. Wananishukuru! Mke wa mjomba alinishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Mama Aika peke yake ndiye ananiitikia salamu kwa mkato, maana anajua majibu yangu aliyomsomea mama, na mama amemwomba anyamaze.

Mchana mmoja wageni wakiwa wamepungua, nikajifungia kwenye stoo ya mahema nikazisikiliza sauti zote za mama, tangu ya kwanza.

Yote yapo! Yapo kwa Kimachame safi, lugha aliyonifundishia kusema. Kwamba mwaka huu anachuma kahawa mbichi pamoja na nyekundu na Mama Aika anamchambulia. Kwamba amemimina maziwa pembeni ya kibuyu, akasikia paka anayalamba ndipo akajua. Kwamba kanisani anashika kitabu cha nyimbo ili tu watu wasimwone ameacha kusoma. Kwamba alidhani ni ukungu wa mlima, lakini mbona mchana hauondoki. Hakuomba kitu hata mara moja. Mashine ilisema kweli tupu, hakuna ombi.

Nililia mpaka mpagazi mmoja akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Sasa sikieni aibu nyingine. Nilipotaka kumwomba mama msamaha, nilichofanya kwanza ni kufungua ile mashine na kuiandikia agizo. Iwe barua ya toba, ya upole, ya kugusa moyo. Ikaja nzuri ajabu! Nikaisoma, nikakuta ni utamu ule ule wa "Mungu akutie nguvu, nakupenda." Mama Aika angemsomea, na mama angeshukuru. Nikaifuta.

Nikapanda Masama. Huku kwetu aliyekosa haendi na maneno matupu. Anakwenda na jani la isale, lile tunalolipanda mipakani mwa kihamba, amelifunga fundo, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nikachuma, nikafunga fundo, nikapiga magoti mbele ya mama nikaliweka kwenye kiganja chake.

Alilipitisha vidoleni polepole, kutoka kwenye shina mpaka kwenye fundo. Akajua ni nini. Nilisubiri aweke mkono kichwani pangu. Badala yake akanitafuta mkono akanirudishia.

"Mimi nilishakusamehe siku ile ile, hata sijui kama ulihitaji," akasema. "Hili lina mwenyewe. Mpelekee kaka yako."

Nikamwambia basi tumpigie, nitamweleza yote sasa hivi, mbele yake.

"Jani haliendi kwa simu," akasema. "Na nimechoka kuitwa mkaidi."

Hilo la mwisho lilinimaliza. Nilidhani halimuumi! Alinibebea uongo wangu kama anavyobeba majani ya ng'ombe, kimya kimya, na mimi nikafikiri haoni uzito.

Kwa hiyo Jumamosi hii nakwenda Dar. Nimeshaomba ruhusa kazini. Jani liko dirishani kwangu ndani ya glasi ya maji. Namwogopa kaka yangu. Kwa mila lazima anisamehe, lakini mila haisemi atanitazamaje baada ya hapo. Na nikishamwambia yeye, nitazunguka kwa wajomba mmoja mmoja, mpaka mama arudishiwe jina lake. Macho siwezi kumrudishia.

Nanyi mnaosoma, sisemi mziache hizo mashine. Mimi mwenyewe leo asubuhi nimewajibu wageni kwa agizo lile lile na kazi imekwenda. Mgeni anataka hema, apewe hema. Lakini usithubutu kuiambia imwondolee mzazi wako salamu na hadithi! Mzazi ukimwondolea hivyo, umemwondoa yeye.

Siku ile niliyojifungia, ujumbe wa mwisho wa mama niliufikia jioni, stoo ilikuwa imeanza kuwa na giza. Aliutuma siku chache kabla ya Krismasi. Mashine ilikuwa imeufupisha hivi: "Mama yako anakusubiri kwa sikukuu. Hakuna ombi." Maneno yake yanaisha mapema, ila sauti haikatiki. Unasikia kidole kinagonga kioo cha simu. Kinagonga hapa, kinahama, kinagonga pale. Anatafuta mahali pa kubonyeza ili iende. Anatafuta kwa muda mrefu, anapumua, wala halalamiki.

Kama unazo sauti za mzazi wako ambazo hujazisikiliza, acha kusoma haya yangu. Zisikilize, mpaka pale anapotafuta kitufe.