Kinyungu cha Chini ya Depo

Mume wangu alikaa nami masika moja tu, kisha akaandikishwa manamba akaenda Tanga kukata mkonge. Aliniacha Makambako kwa mama yake, katika nyumba ya udongo iliyotazamana na depo ya mafuta. Nilikuwa nimetoka Mdandu na sanduku la mbao, kitabu cha nyimbo, na elimu ya misheni ya darasa la nne ambayo mama mkwe aliitania kila nilipounguza ugali. "Huko shuleni moto hawakuufundisha?" alikuwa akiniuliza, nami nasonga tu.

Wakati ule Makambako haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye upepo mkali. Barabara ya Iringa kwenda Mbeya ilipita hapo, na ile ya Njombe na Songea ikachepukia hapo. Malori hayakuweza kuendelea bila mafuta, kwa hiyo kampuni moja ya Wazungu ilichimba mashimo kwenye mwinuko, ikafukia matangi ya chuma, ikajenga ofisi ya bati na kuzungushia seng'enge. Tangi moja la petroli, moja la dizeli, la tatu la mafuta ya taa. Mapipa matupu yalilazwa nje ya uzio. Vibarua waliyasuuza kwa mchanga na maji, na masuuzo wakayamwaga mferejini, yakateremka bondeni. Hakuna aliyeshangaa, maana maji machafu yakimwagwa mwinukoni yataenda wapi kwingine.

Bondeni ndiko kulikuwa na vinyungu vyetu. Asiyekulia kwetu labda hajui: kinyungu ni shamba la bondeni, kwenye unyevu, ambalo unalima wakati wa kiangazi. Unainua matuta mapana, unachimba mifereji katikati yake, maji yanasimama humo yenyewe, na wakati milima yote imekauka wewe una majani mabichi. Nyumba isiyo na kinyungu ilikula kwa kukopa mpaka mvua zirudi.

Katika ukoo wa mume wangu, mke mpya hakuwa na jiko. Alipika kwenye jiko la mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, kile alichoamua mama mkwe. Kisha alipewa kinyungu. Mavuno yake ya kwanza aliyapika na kumwandalia mama mkwe peke yake. Mama akila akashiba, siku za karibu mke anawekewa mafiga yake na anaanza kuitwa mwenye nyumba. Mama akionja na kusukuma sahani, basi, mke anangoja kiangazi kingine. Ilishatokea. Mke mmoja wa zamani katika ukoo huo alingoja mpaka akarudi kwao.

Nilitaka jiko langu kuliko nilivyotaka mume wangu arudi, na nasema hivyo bila aibu. Mume sikuwa nimemzoea. Njaa ya kupika ninachotaka, saa ninayotaka, hiyo niliijua vizuri.

Baridi kali ilipopita, mama mkwe alinipeleka bondeni, akanionyesha kipande changu. Kilikuwa cha mwisho upande wa juu, moja kwa moja chini ya depo. Kilikuwa kizuri, udongo mweusi, na vyura walikuwa wengi hata ukikanyaga tuta wanaruka pande zote. Nikapanda maharage. Yaliota yote.

Yalipotoa jani la tatu, niliona maji ya mferejini yana rangi. Zambarau, kijani, dhahabu, zikizunguka polepole. Nilifikiri ni masuuzo ya mapipa. Siku zilizofuata rangi zilizidi, na harufu ikaja. Nilichovya kidole nikanusa. Ilikuwa harufu ya dukani kwa Mhindi, pale kwenye pampu ndogo alipotuuzia mafuta ya taa kwa kipimo cha kikombe.

Nilimwita mama mkwe. Alitazama muda mrefu, akarudi nyumbani, akaja na bakuli na kipande cha marekani. Akakitandaza kile kitambaa juu ya maji taratibu, akakiinua, akakikamua ndani ya bakuli. Akafanya hivyo mara nyingi. Kisha akakaa kwenye tuta langu, juu ya maharage yangu, akangoja bakuli litulie. Mafuta yalipanda juu. Akayamimina kwenye kibatari polepole ili maji yasifuate, akawasha. Kibatari kilitatarika kidogo, kikawaka.

"Haya," alisema. "Sasa utanisomea."

Hilo lazima niliseme kwa haki. Mama mkwe hakujua kusoma, na alipenda kusomewa kuliko kula. Hapo kabla nilimsomea karibu na moto, machozi ya moshi yakinitoka, na yeye akikohoa. Mafuta ya dukani tulinunua kwa Krismasi na kwa mgonjwa. Tangu siku ile kibatari kiliwaka kila jioni, nami nilimsomea Injili na nyimbo zote hadi sauti ikanikauka. Alikuwa anafumba macho, mikono mapajani, na nilimpenda saa hizo. Asubuhi nilikwenda bondeni na mapenzi yakapungua.

Majirani walijua haraka, kwa sababu mwanga hauna siri. Mjane wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja kwanza na bakuli lake, kisha wengine. Kila mmoja alichimba kishimo pembeni mwa mfereji wangu ili mafuta yakusanyike. Walikanyaga matuta, wakaniomba radhi, wakakanyaga tena. Safu yetu yote ya nyumba, ambayo zamani ililala na kuku, sasa ilikuwa na taa.

Maharage ya upande wa mfereji yaligeuka manjano, kisha rangi ya chai, kisha yakalala. Vyura walitoweka. Ng'ombe wa mjane aliletwa kunywa akasimama miguu ndani ya maji, akatazama, akaondoka. Matete yaliyokuwa yanatukinga upepo yalianza kukauka kuanzia shinani. Nilikuwa nahesabu matuta yaliyobaki kila asubuhi, na hesabu ilikuwa inakwenda upande mmoja.

"Mama," nilimwambia, "tangi lao linavuja. Tukawaambie walizibe."

"Yanakufa ya pembeni tu," alijibu.

"Jana yalikuwa ya pembeni. Leo ni tuta la pili."

Mjane alikuwepo mferejini, anakamua kitambaa chake. Hakuinua kichwa. "Ukisema, mwanangu, wataziba."

"Ndiyo ninachotaka, wazibe."

"Na taa?"

Walinitazama wote wawili kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeomba mvua inyeshe upande mmoja wa nyumba. Mama mkwe akasema nivumilie, maharage nitapata ya kutosha chungu kimoja, na chungu kimoja ndicho kinachotakiwa. Nilikasirika. Lakini mke asiye na jiko hana kauli, na hata depo nisingeweza kwenda, kwa sababu mlinzi wake alikuwa baba mkwe.

Baba mkwe alilinda depo hiyo tangu seng'enge ilipowekwa. Mimi na yeye, kwa heshima, hatukuzungumza uso kwa uso. Nilimtengea chakula nikiwa nimepiga magoti na kuondoka. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa wengine. Kuhusu mafuta alijua yote. Aliketi kwenye mwanga uleule na kusikiliza Injili ileile. Mkewe alimwambia anyamaze, akanyamaza.

Mzungu wa depo aliishi Iringa, naye alikuja mara kwa mara na fito ndefu yenye alama. Aliitumbukiza kwenye kila tangi, akaitoa, akaandika. Safari moja aliitumbukiza kwenye tangi la mafuta ya taa, akaitazama, akaipangusa, akaitumbukiza tena. Akaondoka bila kuaga. Alirudi na askari wawili kutoka Njombe.

Walipita nyumba kwa nyumba wakinusa vibatari. Haikuwa kazi ngumu. Kila mlango waliofungua ulikuwa na harufu, na kila nyumba ilikuwa na chupa nyuma ya mtungi. Kwetu walikuta mbili. Mzungu alisema, kwa kile Kiswahili cha kuamrisha, kwamba mlinzi ameiba mafuta na kuyagawa kwa majirani. Askari wakamkalisha baba mkwe juu ya pipa tupu, wakamfunga mikono.

Baba mkwe angeweza kusema neno moja tu, "bondeni", na angefunguliwa. Alikuwa anatazama viatu vya askari. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama mama mkwe, na nadhani uso wangu ulisema yote ambayo mdomo haukuruhusiwa. Wanawake wa safu nzima walikuwa nje wakimtazama yeye vilevile, lakini wao walikuwa wanaomba kinyume.

Akaingia ndani. Akatoka na bakuli, marekani na kibatari kitupu.

"Bwana," alimwambia Mzungu, "nifuate."

Tuliteremka wote. Yeye alikaa palepale alipokaa siku ya kwanza, ingawa sasa hapakuwa na maharage ya kukaliwa. Akatandaza kitambaa, akakamua, akangoja. Askari mmoja alianza kuongea, Mzungu akamzuia kwa mkono. Mama alimimina, akawasha, akakiinua kile kibatari kikiwaka mchana kweupe hadi karibu na ndevu za yule Mzungu, ambaye alirudi nyuma hatua moja akatumbukiza kiatu mferejini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu maharage ya huyu yatoe jani la tatu."

"Kwa nini hamkusema?"

Mama mkwe alifikiri. "Hukutuuliza, bwana. Ulikuja ukipima tangi, ukaondoka."

Walimfungua baba mkwe bila kumwomba radhi. Vibarua walichimba, wakalitoa lile tangi kwa minyororo na lori. Lilikuwa limeliwa na kutu kwenye mshono wa chini. Wakaweka jipya. Shimo la zamani wakalimwagia mchanga, na Mzungu akaja hadi kwenye kinyungu changu, akakitazama, akasema mvua zitakisafisha. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu zake, alimpa mama mkwe debe moja la mafuta ya taa kama shukrani. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Nilicheka sana siku ile, peke yangu, nyuma ya zizi.

Debe liligawanywa safu nzima na likaisha. Usiku wa nyumba zetu ulirudi ulivyokuwa. Mjane aliacha kumsalimu mama mkwe kwa muda, na siku moja kisimani aliniambia mimi, "Mmetuzimia taa." Nilimjibu kwamba taa ilikuwa inawaka kwa maharage yangu. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya siku chache alikuja jikoni kwa mlango wa nyuma na kapu la maharage yake, ya kinyungu cha upande wa chini ambako mafuta hayakufika.

"Pika haya," alinong'ona. "Mama hatajua."

Yangu nilikuwa nimeyavuna jana yake, kutoka tuta moja la juu lililopona. Yalijaa chungu kimoja, kama nilivyoahidiwa. Nilikuwa nimetafuna moja bichi, nikatema. Harufu ilikuwa imeingia ndani ya punje. Yale ya mjane yalikuwa meupe na mazito, na yangenipa jiko bila mashaka. Nilimshukuru, nikamrudishia kapu lake. Sikufanya hivyo kwa uaminifu. Nilitaka mama mkwe aonje. Nilitaka aujue ule ukimya wake kuhusu tangi ulivyo mdomoni, hata kama ningelala kiangazi kingine kwenye kona ya jiko lake.

Nikayapika bila kitunguu, bila karanga, bila kitu cha kuyafunika. Mvuke ulijaza nyumba, na baba mkwe, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuwepo, alitoka mapema kuliko ilivyohitajika. Nikampakulia mama mkwe, nikapiga magoti mbele yake nikangoja.

Alichukua kijiko cha kwanza akakiweka mdomoni. Akaacha kutafuna. Macho yake yalikwenda kwenye kibatari kitupu ukutani, kisha yakashuka. Akatafuna, akameza. Akachukua cha pili. Alikula polepole, bila maji, bila kupumzika, jasho likimtoka kwenye paji la uso ingawa jioni ilikuwa ya baridi. Mimi niliyetaka hilo nilianza kutaka aache. Alikula hadi sahani ikaonekana rangi yake, akaikwangua, akanisukumia.

"Niongezee," alisema.

"Yananuka, mama."

"Najua yananuka. Nimeyala. Niongezee, halafu ukalale mapema, kesho tunakwenda kubeba mafiga yako."

Nilimwekea upawa mdogo. Akaisukuma sahani tena, wala hakuniangalia, akangoja mpaka nikaijaza.