Swali la Chumvi

Wasomaji wangu wa kila wiki mtanisamehe. Nilikuwa nimewaandalia vichekesho vya baridi na mabasi ya Landani, nimevitupa vyote. Jumanne asubuhi nilikuwa kituoni Tottenham nasubiri basi, simu ikalia. Ni nesi mmoja Mkenya tunayefahamiana. "Kaka, yule mzee wenu ametutoka," akasema. Nikamuuliza nani alikuwa naye. "Mimi tu. Alikuwa anamwita mkewe." Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka, mimi nimesimama pale pale. Mkewe yuko Unguja. Kwa miaka sita tumemwomba kila mwenye muhuri amruhusu arudi kwa mumewe, na sasa hana tena wa kumrudia. Nina huzuni, lakini hasira imeizidi, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Marehemu alikuja huku kijana mbichi, miaka michache baada ya Mapinduzi. Aliingia jiko la hospitali akiosha masufuria, akaishia kuwa mpishi mkuu. Hakuoa. Alipokaribia kustaafu alikwenda nyumbani kumzika mama yake, na huko akajuana na mjane mmoja wa Mji Mkongwe, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Bibi huyo akaja kwa viza, wakafunga ndoa sisi tukishuhudia, wakakaa kwenye flati ya ghorofa ya tatu. Tangu hapo Waswahili wa upande huu wa jiji tukapata pa kula. Biriani ile, jamani! Mkate wa kumimina ule! Tulikuwa tunakula huku tunamsifu bibi, naye anainamisha macho: "Karibuni, ndicho nilichojaliwa." Mumewe amekaa kwenye kochi na kanzu yake iliyopigwa pasi, kimya, anatabasamu.

Idi moja niliwahi mno kufika. Mlango ulikuwa wazi, nikamkuta marehemu jikoni, eproni kifuani, unga mpaka kwenye viwiko, na mkewe yuko sebuleni anapanga visahani. "Umeniona, sheikh wangu," akasema, anacheka. "Nimewapikia wagonjwa umri wangu wote, nishindwe kumpikia mke wangu? Tena jiko langu sitaki aliguse mtu. Huyu bibie wiki ya kwanza tu kaniunguzia sufuria, nikamwambia wewe kaa, mama." Yeye hakuona haya hata kidogo. Aliyeona haya ni mkewe, kwa niaba yake. Alinisogelea, uso umembadilika. "Shemeji, tafadhali usiitoe nje siri hii. Watu watasema nimemgeuza mume wangu mtumishi. Watamcheka barazani." Nikaapa sitasema. Wageni walipofika tukala, na mimi nikawa wa kwanza kumsifu bibi kwa upishi wake. Kwetu hayo hatuyaiti uongo. Mke anamsitiri mumewe, mgeni anashiba, nyumba inabaki na heshima yake.

Ikaja barua ya kuwaita kwenye intavyu. Maofisa wa uhamiaji walitaka kujua kama ndoa ile ni ya kweli au ni ya kutafutia makaratasi, kabla ya kumruhusu bibi kubaki. Mtu na mkewe wakaniita mimi, maana mtu akiandika gazetini watu hudhani anajua kila kitu, na mimi, mpumbavu mimi, nilidhani hivyo hivyo. Nikakaa nikawaeleza: mtatenganishwa, kila mmoja na chumba chake, mtaulizwa maswali yale yale. Bibi akauliza: "Sasa shemeji, mie nijibuje?" Nikamwambia maneno ambayo nitazikwa nayo: "Usiogope. Jibu kama unavyomjibu mgeni yeyote anayekuja kwako." Akaitikia kwa kichwa, akatulia. Mimi niliyeuona ule unga kwenye viwiko sikukumbuka kitu.

Niliwasindikiza siku hiyo nikawasubiri chini. Walitoka wamefurahi, bibi anasema yule ofisa alikuwa mpole kweli. Wiki kadhaa baadaye wakaniita niwasomee barua. Nikawa nasoma Kiingereza, namtafsiria bibi, wao wamekaa bega kwa bega. Upande gani wa kitanda analala nani, walilingana. Rangi ya mapazia, dawa za mzee za moyo, jina la mama mkwe, walilingana. Nani anapika nyumbani? Mume kasema, mimi. Mke kasema, mimi. Ofisa akamgeukia mke: jana ulipika nini? Wali wa nazi na samaki. Mume alikuwa amesema chapati na maharage. Chumvi unaiweka wapi? Bibi kasema, kwenye kichupa, mezani. Mume kasema imo kwenye kopo la zamani la kahawa, kabatini. Barua ikamalizia kwamba mwombaji hakuweza kulieleza jiko analodai kupikia kila siku, kwa hiyo hawaamini kwamba anaishi mle. Marehemu alimgeukia mkewe. "Kumbe ulinisitiri mpaka huko," akamwambia. Bibi akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Tulikata rufaa. Safari hii bibi alisema ukweli wote, na mimi nikatoa ushahidi juu ya unga na eproni. Tukaambiwa kwamba amebadilisha maneno baada ya kuisoma barua. Lahaula! Sasa mtu afanye nini? Bibi akaondoka. Mzee akasema atamfuata, moyo ukagoma, madaktari wakamkataza kupanda ndege. Hali ilipokuwa mbaya tukamwombea bibi viza ya kuja kumuuguza tu, wiki mbili, wakakataa kwa sababu aliwahi kukataliwa. Nawajua watu wawili walioingia kwenye vyumba vile vile hawajawahi hata kula sahani moja, wameyakariri majibu yote mpaka rangi ya mswaki, wakapita. Hawa waliopendana hawakufanya mazoezi, kwa sababu hawakujua kuwa kuna cha kufanyia mazoezi.

Lakini nisiwatupie maofisa mzigo wote nikaenda kulala. Yule bibi hakumwogopa ofisa peke yake. Alituogopa sisi. Aliziogopa ndimi zetu, sisi tunaokaa Landani miaka arobaini, wake zetu wanafanya kazi na sisi tunafanya kazi, na bado mwanamume akionekana na mwiko tunapata la kusema wiki nzima. Yeye alizoea kutujibu hivyo sisi, basi akamjibu na yule ofisa hivyo hivyo, kama nilivyomshauri.

Tumemzika Alhamisi. Baada ya mazishi tulikula msikitini, mmoja wetu akaguna: "Ah, leo ingekuwa biriani ya mkewe." Wote wakaitikia. Nikanyamaza, kwa kuwa niliapa. Nilipofika nyumbani nikampigia bibi kumpa taarifa za maziko. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walisema nini, shemeji?" Nikamwambia walikusifu kwa upishi wako.

"Andika," akasema. "Andika kwenye gazeti lako kwamba ni yeye. Mie nimechoka kusifiwa." Akalia, akaendelea. "Na hili uandike. Chumvi imo kwenye kopo la kahawa, kabati la juu, mkono wa kushoto. Sukari imo kwenye kopo la maziwa. Iliki iko nyuma ya unga. Alinisomesha jiko zima kwa simu, kopo moja moja, miaka yote hii, ili siku wakiniuliza tena nisikosee. Niulize chochote, shemeji. Niulize."

Basi nimeandika kama alivyotaka. Nanyi wasomaji wangu, mkialikwa kwa watu mkala mkashiba, ulizeni nani kapika. Akijibu mwanamume, mshukuruni, wala msicheke.